Plagi ya Pili na ya Tatu

3 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta na afya, na kwamba afisa anayezisoma barua zako kabla yako atakuwa ameamka vizuri siku hiyo. Sisi huku hatujambo. Shangazi, dada yake marehemu baba, amehamia chumba cha mbele tangu Machi ili asaidie kumwuguza mama, na amekipanga upya kiasi kwamba hata mimi niliyekulia humo nahitaji ramani. Cherehani ya mama ameisogeza dirishani. Mama hashoni tena, ila hupenda kukaa karibu nayo. Mimi bado nasubiri kazi. Nimekwisha kuandika maombi thelathini na moja, na shahada yangu ya falsafa imekunjwa na kukunjuliwa hadi imepata mkunjo wa kudumu katikati.

Nije kwenye jambo lenyewe. Figo za mama zimeacha kazi, kama nilivyokueleza Januari, na sasa damu yake husafishwa kwa mashine hospitalini kila Jumanne na Ijumaa. Zamu yake ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anayechelewa hupoteza kitanda hadi zamu nyingine. Daktari alitueleza bila kupepesa macho kwamba akikosa zamu moja atavumilia, lakini akikosa mbili zinazofuatana, tusitarajie mengi.

Hakuna gari la kukodi linalopanda mtaa wetu alfajiri. Kuna pikapu lako tu, ulilotuachia ulipoingia huko miaka miwili iliyopita, nalo limeanza kiburi tangu baridi ishuke. Nageuza ufunguo, taa ya kupasha joto inawaka kwenye dashibodi, inazima kwa wakati wake, napiga stata. Linazunguka, linakohoa, linatoa moshi mweupe mzito unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi, linatetemeka kama linataka kumwaga vioo vyake, kisha linazima. Mara ya tano au ya sita hushika. Mchana, jua likishapiga boneti, huwaka mara moja bila ugomvi.

Nimesoma kitabu cha gari hili mwanzo hadi mwisho, pamoja na kingine cha nadharia ya injini nilichoazima maktaba, na nina maoni yangu. Kwa heshima, nataka kusikia yako kwanza.

Mama anakusalimu. Anasema ule, usijifanye mwanamume sana.

Mpwa wako

17 Mei

Bwana Shahada, mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako niliipata tarehe kumi na nne na afande hakufuta hata neno, ila aliniuliza mkunjo wa kudumu ni ugonjwa gani na kama unaambukiza. Mimi mzima. Wamenihamishia karakana ya gereza, nahangaika na trekta la shamba, kwa hiyo mikono imepata grisi tena na usingizi umerudi. Msalimie shangazi yako. Mwambie akipanga nyumba asiiguse meza ya kulia, mguu wake mmoja niliuunga kwa gundi na matumaini. Dada yangu mwambie nakula. Mwambie hata uji wa huku nimeuzoea, na asicheke.

Sasa moshi wako. Moshi mweupe ni dizeli iliyoingia kwenye silinda ikakosa moto, ikatoka ilivyoingia. Dizeli haina cheche kama petroli, huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Asubuhi ya baridi chuma hulinyonya joto hilo lote, ndiyo maana kila silinda imepewa plagi yake ya joto, kijiti chembamba kuliko penseli kinachoiva kuwa chekundu kabla hujapiga stata. Gari hilo lina silinda nne, plagi nne. Zikiwa nzima baadhi tu, injini huamka nusu. Upande mmoja unafanya kazi, upande wa pili unatema moshi, na ndiyo huo mtetemo unaousema.

Safisha vichwa vya betri kwanza, kwa sababu stata inayozunguka kivivu haibani hewa vya kutosha. Baada ya hapo nenda kwenye plagi. Usiiamini taa ya dashibodi. Taa inajua kwamba umeme umetumwa, haijui kama umepokelewa. Na nakuomba, usije ukapuliza ile dawa ya kopo ya kuwashia kwenye mdomo wa hewa. Ikikutana na plagi iliyoiva itapasuka humo ndani na kuvunja pistoni.

Pima mwenyewe, kwa mkono wako, usipokee maneno ya mtu. Unajua kilichonileta hapa. Nililipigia lori muhuri kwamba ni zima kwa sababu dereva aliniapia breki zilitengenezwa jana yake. Watu saba. Siandiki zaidi.

Anza na plagi, mpwa wangu. Kabla ya kitu kingine chochote, plagi.

Mjomba wako

4 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilitembea siku kumi na nne, mwendo ambao hata mtu mwenye magongo angeuonea aibu. Shangazi amepokea salamu. Meza alikuwa ameshaihamisha. Mguu umetoka, sasa imeegemea ukuta na inatumika hivyohivyo. Kazi bado. Kuna shule iliyoniita kwa mahojiano, wakaniuliza kama naweza kufundisha hesabu. Nikawauliza wao wanaelewa nini kwa neno kuweza. Hawajaniandikia tena.

Kuhusu plagi, nimetekeleza agizo lako kwa ukamilifu. Niliazima mita ya umeme, nikagusa kichwa cha plagi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Zote zimesoma nukta nne ya ohmu. Sisemi karibu na nukta nne, Mjomba, nasema nukta nne kamili, moja baada ya nyingine. Plagi iliyokufa haisomi kitu. Hizi zote zinasoma, na zinasoma sawasawa. Kwa hiyo plagi ni nzima, na dhana yako, pamoja na heshima yote ninayokupa, imeanguka. Dhana ikianguka haiinuliwi kwa sababu ya umri wa aliyeitoa.

Yule fundi wa kona ya chini alipita nikiwa nimeinama kwenye boneti.

“Profesa,” akasema, “hiyo mita unaijua au mnasalimiana tu?”

Nikamwambia naifahamu vizuri kuliko yeye anavyofahamu ratiba ya kazi yake.

“Haya, baba,” akasema. “Mimi nipo pale. Ukichoka kuwa na akili, niite.”

Sikumwita. Maoni yangu, ambayo vitabu vyote viwili vinayaunga mkono, ni kwamba tatizo ni nozeli. Nozeli ikichoka hudondosha dizeli badala ya kuipuliza kama ukungu, na matone hayashiki moto kwenye silinda ya baridi. Moshi huohuo, harufu ileile. Nitazifungua zote nne na kuzipeleka kwenye karakana moja mjini zikapimwe na kusafishwa.

Ijumaa iliyopita tulichelewa dakika ishirini, kitanda kikapewa mtu mwingine. Juzi Jumanne tuliwahi. Mama halalamiki. Anasema miguu imemvimba hadi viatu vyake vimemkana. Anakusalimu, na anauliza kama huko wanawapa blanketi la pili.

Mpwa wako

18 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Sina salamu ndefu leo. Barua yako nimeipata sasa hivi, ilikaa ofisini wiki nzima kwa sababu afisa wa barua alikuwa likizo. Nakuandikia nikiwa nimesimama karakana, trekta limezimwa.

Uliondoa ukanda?

Juu ya plagi zote nne pana ukanda mmoja wa chuma, umefungwa kwa nati nne. Huo ndio unaogawa umeme. Ukanda ukiwa mahali pake plagi zote zimeshikana mikono, ukigusa moja umegusa zote. Iliyokufa inasomewa uzima wa mwenzake. Ndiyo maana ulipata namba moja mara nne. Plagi nne zilizozeeka pamoja hazisomi namba moja hata siku moja, mpwa wangu, hata mapacha hawafanani hivyo.

Fungua nati nne. Toa ukanda. Pima kila moja peke yake. Nozeli ziache, hazina kosa. Zilizokufa zibadilishe siku hiyohiyo, fundi wa kona anaweza, ni kazi ya saa moja. Mwite. Najua hupendi. Mwite.

Usikose zamu nyingine. Blanketi la pili ninalo, mwambie dada. Jibu upesi.

Mjomba wako

12 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Hapa tunaendelea. Shangazi yupo, anafikiria kurudi kwake mwezi ujao. Mvua kidogo imenyesha. Ile shule imeniandikia tena, safari hii nitajaribu kujibu walichouliza.

Barua yako ya tarehe kumi na nane ilifika. Ulikuwa sahihi. Nilipima na ukanda ukiwa umefungwa. Nilipouondoa, ya kwanza na ya nne zilisoma nukta nane, ya pili na ya tatu hazikusoma kitu. Fundi wa kona alizibadilisha kwa dakika arobaini na hakusema neno la kunikera. Gari sasa ni zima. Hata saa tatu asubuhi, nikiwa na haja nalo, linawaka mara ya kwanza, na moshi ni kidogo sana, wa kupita. Jumatatu ya wiki iliyopita nilirudisha viti na turubai kwa mwenyewe, mara mbili kwenda na kurudi, halikuzima wala halikutetemeka. Nakushukuru kwa maelekezo yako.

Mama ametulia. Miguu haimsumbui tena.

Mpwa wako

29 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa tu wazima. Trekta limeanza kulima.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko hukumu yangu. Mimi sikusoma falsafa, lakini miaka ishirini na sita nimesikiliza injini ambazo wenyewe waliniapia hazina tatizo. Acha nikuambie nilichosikia.

Hukubisha. Uliandika “ulikuwa sahihi” na hukuongeza hata ila moja. Mtoto niliyemfahamu mimi, hata akikubali kwamba moto unaunguza, ataomba kwanza tukubaliane maana ya kuunguza.

Unawasha gari saa tatu. Zamu ya dada ni saa kumi na mbili na nusu. Anampeleka nani?

Viti vya nani, mpwa wangu? Na turubai la kazi gani?

Barua zote mbili za kwanza zilimalizika kwa salamu zake, na katika kila salamu kulikuwa na neno la kunichokoza. Safari hii amekuwa mtu wa kusemewa. Ametulia, basi.

Sikushutumu. Nakuomba kitu kimoja. Mpe dada yangu kalamu. Sihitaji barua. Mstari mmoja tu wa mkono wake, hata akiandika upuuzi, hata akiandika kwamba uji wa gereza ni halali yangu. Mwandiko wake naujua, herufi zake zinalalia kushoto kama mtu anayekwepa upepo. Nitumie huo mstari na sitauliza tena.

Mjomba wako

16 Agosti

Mjomba,

Mstari huo sitaweza kukuletea. Mama alifariki Ijumaa, tarehe ishirini na sita Juni.

Nimejaribu kuanza barua hii kwa namna nyingine, na kila namna ilikuwa ni njia ya kuchelewa. Nitakueleza kwa utaratibu, kwa sababu utaratibu ndio kitu pekee ninachokiweza.

Jumanne ya wiki ile gari lilikuwa limesimama bila nozeli. Karakana ya mjini waliahidi Jumatatu, wakazitoa Jumanne alasiri. Zamu hiyo tuliikosa. Nilimwambia mama kwamba ni gharama ya kulitatua tatizo moja kwa moja, na Ijumaa hatutakuwa na wasiwasi tena. Akasema, “Wewe ndiye mwenye vitabu.” Jumatano na Alhamisi nilizirudisha nozeli, nikafunga mabomba, nikatoa hewa kwenye mfumo. Mchana wa Alhamisi liliwaka vizuri. Nilifurahi. Nilisahau kwamba mchana lilikuwa linawaka vizuri tangu mwanzo.

Ijumaa saa kumi na moja nilimbeba hadi kwenye gari. Shangazi alibaki nyumbani kwa sababu kiti cha abiria ni kimoja. Mama alikuwa mwepesi, na miguu yake mizito. Nilimfunika blanketi, nikageuza ufunguo. Moshi uleule. Nikarudia. Nadhani nilipiga stata mara ishirini. Moshi ulijaa ua mzima, ukaingia kwenye gari kwa sababu dirisha la upande wake halifungi hadi juu, akakohoa kidogo. Akaniambia, “Zima mwanangu, pumzika kidogo.” Sikupumzika. Nilishuka nikafungua boneti, nikasimama pale nikipekua kitabu kwa mwanga wa tochi, betri ikijikusanya. Nilimwona yule fundi wa kona akiteremka kwenda kazini. Alisimama getini, akanitazama. Alikuwa anasubiri nimwite. Nikainamia kitabu hadi akapita.

Injini ilishika saa mbili kasorobo, jua lilipofika kwenye boneti. Niliteremka mtaa nikiwa nimeshinda. Njia nzima nilikuwa nikimweleza, Mjomba. Nilimweleza kwamba nozeli zilizosafishwa huhitaji muda kuzoeana na pampu, kwamba mtetemo umepungua, kwamba wiki ijayo ataona. Nilimwuliza kama anahisi tofauti. Nilidhani amelala. Hospitalini muuguzi alifungua mlango wa upande wake, akamgusa shingoni, kisha akaniambia nizime gari. Nilimjibu kwamba siwezi kulizima kwa sababu halitawaka tena. Hilo ndilo jibu nililotoa.

Sijui alifariki wakati gani. Sijui kama ilikuwa uani nikisoma, au barabarani nikizungumza.

Barua yako kuhusu ukanda ilifika tarehe mbili Julai, siku ya sita. Watu walikuwa bado wamejaa nyumbani. Niliisoma, nikachukua spana, nikatoka nayo uani nikiwa na nguo za msiba, nikafungua nati nne. Mengine nilikwisha kukuandikia.

Shangazi alisema usiambiwe hadi utoke, ili upate mahali pa kulilia. Nilikubali upesi mno. Yeye alikuwa anakuhurumia. Mimi nilijua kwamba nikikuambia amekufa, utauliza amekufaje.

Mpwa wako

6 Septemba

Mpwa wangu,

Barua yako nilipewa nikiwa chini ya trekta. Nilibaki huko chini hadi kengele.

Alikuwa dada yangu na hakukuwa na mwingine. Mama yetu alimzaa yeye, miaka sita baadaye akanizaa mimi, basi. Alinifundisha kufunga kamba za viatu na kudanganya kuhusu masomo. Nikianza kuandika juu yake sitamaliza leo, na leo kuna jambo lingine lazima nilimalize kabla moyo haujarudi nyuma.

Plagi ya pili na ya tatu zilikuwa zimekufa kabla sijaingia huku. Nilizipima mwenyewe, ukanda nikiwa nimeutoa. Nilijua. Ndiyo maana nilikuwa naliegesha gari kule juu kwenye tangi la maji na kurudi nyumbani kwa miguu, mkawa mnasema mjomba anaringia majirani. Asubuhi nililiachia literemke, nikaingiza gia, likashika kwa nguvu ya mteremko. Kila wiki nilisema nitazibadilisha. Fundi wa magari ya watu, la kwangu nikalifanya la kusubiri. Kisha lile lori likaanguka, na sikuwaza tena kitu kingine.

Siku ya hukumu dada alisogea hadi kwenye ubao wa kizimba mahakamani, kabla hawajaniteremsha. Alikuwa ameanza kuumwa. Akaniuliza, “Na gari je?” Nikamwambia ni zima.

Ulipoandika Mei, nilijua jibu kabla sijamaliza ukurasa. Lilihitaji mstari mmoja: ya pili na ya tatu zimekufa, nunua mbili. Lakini mwezi huo faili langu la kupunguziwa kifungo lilikuwa linasomwa, na kila ninachoandika kinasomwa pia. Nikajiona naandika, kwa mkono wangu, kwamba mimi niliyefungwa kwa kuliita zima lori bovu, niliondoka mahakamani nikiwa nimemwambia dada yangu mgonjwa kwamba gari bovu ni zima. Mkono haukuandika. Nikakuandikia somo. Nilikusukuma kwenye plagi kwa kila neno nililokuwa nalo isipokuwa lile moja. Nikajiambia huyu msomi, atafika ndani ya wiki.

Ulikuwa unahitaji kuambiwa, mimi nikakufundisha.

Hata Juni, nilipoona umeingia kwenye nozeli, bado niliandika “zilizokufa zibadilishe” kana kwamba sijui ni zipi. Barua ile isingewahi, najua, nimehesabu siku. Lakini nilipoiandika sikujua kwamba haitawahi.

Siandiki haya ili upate nafuu. Ulifunga masikio, na hilo ni lako. Ila ulipokuwa umesimama uani na kitabu chako, jambo ulilokuwa unalitafuta mimi nilikuwa nimelikalia. Lipigie hesabu unavyoona.

Barua hii nimempelekea afisa ikiwa wazi, nikamwomba nakala yake iingie kwenye faili. Aliisoma mara mbili. Akasema, “Mzee, una hakika?” Nikamwambia apige muhuri.

Mjomba wako

4 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Katika barua yangu iliyopita sikukuamkia, na wewe hukunikaripia. Shangazi amerudi kwake. Nimepata kazi katika ile shule, nafundisha hesabu, na sijambishia mtu tangu nianze, jambo ambalo mwalimu mkuu amelitafsiri kuwa ni upole.

Nimekuandikia majibu matatu. La kwanza lilikuwa na hasira na sababu tisa zilizopangika vizuri. La pili lilikusamehe kwa lugha safi mno hadi nikalitilia shaka. Katika la tatu nilithibitisha, hatua kwa hatua, kwamba kosa lote ni la aliyeshika mita. Shangazi alilikuta mezani kabla hajaondoka, akalisoma, akaniuliza, “Hapa unamwandikia mjomba wako, au unashindana naye hata kwa hili?” Nimeyachana yote matatu.

Kwa miaka hii miwili sijawahi kuja kukuona. Tuliambizana kwamba ni umbali, lakini chuoni nilikuwa nimesema mjomba wangu yuko nje ya nchi, kwenye meli, na uongo huo niliuzoea kiasi kwamba kuja huko kungekuwa kama kuuvunja mbele za watu. Alhamisi iliyopita niliomba ruhusa shuleni, nikaendesha gari hadi kwenye ofisi ya kibali. Dirishani alikuwepo karani mwanamke, ana miwani iliyofungwa uzi.

“Unamtembelea nani wako?” akaniuliza.

“Mjomba.”

“Mjomba wa damu, au ni wa kuitana tu?”

“Ndugu yake mama. Tumbo moja.”

“Basi mama yako ndiye angekuja. Tumbo moja tunawapa saa nzima. Mpwa ni dakika kumi na tano.” Akageuza fomu. “Mwambie aje na kitambulisho chake, mtaingia wote kwa saa yake. Au kasafiri?”

Neno hilo alikuwa amenipa tayari, lingetosha. Nikamwambia amefariki. Nilikuwa sijawahi kulisema kwa mtu asiyejua. Nyumbani wote walikuwa wanajua. Aliniuliza ni lini, nikamtajia. Akaniuliza kama mjomba ana ndugu mwingine yeyote wa tumbo moja. Nikasema hakuna.

Akaandika dakika kumi na tano.

Nitakuja Jumamosi, tarehe kumi na saba, saa nne asubuhi. Dakika hizo si nyingi, lakini sidhani kama mimi na wewe tuna maneno ya kuzijaza.

Mpwa wako